Kwa Nini Nilikuwa Nikinusa Kila Bunduki

Najua mlikuwa mnacheka. Kila bunduki ya upepo iliyoletwa karakanani, kabla sijagusa hata skrubu moja, niliikunja mtutu, nikaweka pua kwenye tundu na kuvuta hewa kama mtu anayekagua nyama ya juzi. Mmoja wenu, simtaji, anajijua, aliwahi kuniiga mbele ya wateja hadi wateja wakafuta machozi. Nilimwacha afurahi. Sasa nimestaafu, muda ninao, na siku ya kuniaga mlinipa daftari jipya, basi nitawaeleza. Mkitaka kucheka tena mtacheka, lakini someni kwanza mpaka mwisho.

Nilifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, mwaka 1996 na mama yangu, tukitokea Kivu ya Kusini. Baba, aliyekuwa fundi wa baiskeli, hakufika. Tulipewa kiwanja na kishamba sehemu ya Juru, humo humo kambini, na tulichokuwa nacho kilikuwa mgongoni. Siku ya tatu mama alikaa chini, akafumua pindo la kitenge chake na kutoa maharagwe, kama viganja viwili. Yalikuwa makubwa, rangi ya maini, yenye kidoa cheupe kuzunguka jicho. Yalikuwa ya bibi yake, na kabla ya hapo sijui ya nani. Mama alimuuliza kila Mukongomani aliyefika pale kama anayo, na hakuna aliyekuwa nayo. Kwa hiyo kila msimu alitenga mbegu kwanza, ndipo tukala. Nawaambia haya mapema kwa sababu bila maharagwe hayo mambo yote ya bunduki yangekuwa hadithi ya vyuma tu.

Nilipopata kibali cha kwenda kutafuta kazi mjini Mbarara, nilizunguka kwa mafundi wa baiskeli wote na wote, wakiona ni msichana, wakaniuliza kama najua kupika. Wa mwisho alinielekeza kwa Mzee Katungi, nyuma ya duka la mbegu. Mzee alikuwa Munyankore mrefu, mwenyeji wa pale, zamani fundi wa silaha jeshini, mtu wa maneno machache na sweta moja. Alitengeneza cherehani na pampu za maji ili ale, na bunduki za upepo ili afurahi. Zilikuwa za wenye mashamba ya mtama waliosumbuliwa na ndege, wenye maghala waliosumbuliwa na panya, na walinzi wa mazao waliotumwa vijijini kufukuza wanyama. Nilimwambia mimi ni mtoto wa fundi. Hakuangalia karatasi zangu, aliangalia mikono.

"Mikono iko," alisema kwa Kiswahili chake cha jeshi. "Sasa tunaangalia macho."

Siku ile sikugusa bunduki. Alinipa kioo cha dirisha kilichovunjika na kopo la vidonge vya risasi, akaniambia nivibingirishe kimoja kimoja. Kidonge cha bunduki ya upepo, kwa wale wageni wa kazi, ni kidogo kuliko punje ya mahindi. Kina kichwa, kiuno chembamba, na nyuma kina sketi yenye uwazi. Upepo unapokisukuma, sketi inatanuka na kukaza kwenye mifereji ya mtutu. Kikishatoka, sketi hiyo hiyo inashikwa na hewa na kukiweka kimenyooka, kama manyoya ya mshale. Sasa vidonge vyetu vilitoka Kampala kwenye malori, na njia ya wakati ule mnaijua wenyewe. Vilifika sketi zimebonyea. Kizima kinabingirika kwenye kioo na kuchora duara safi. Kilichobonyea kinayumba kama mtu anayetoka kwenye tonto, pombe ya ndizi. Nilibingirisha vidonge wiki mbili. Usiku nilivibingirisha ndotoni. Nilipomuuliza mzee nitagusa bunduki lini, alisema nimekwisha kuigusa tangu siku ya kwanza, ila mimi ndiye sijajua.

Baadaye alinifundisha kufungua. Ndani ya bunduki ya springi hamna uchawi. Springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, hewa inasukuma kidonge. Mbele ya pistoni kuna kikombe cha ngozi kinachozuia hewa isivuje. Vile vya kiwandani vilipochakaa tulikata vyetu wenyewe kwenye ngozi ya ng'ombe wa hapa hapa, tukavilowesha kwenye mafuta mazito siku nzima, tukavifuta mpaka vikakauka juu. Baada ya hapo ni matone mawili kwa mwezi, basi. Nilikuwa najivunia vikombe vile. Mteja akija nilimwonyesha, "Humu ndani kuna ngozi ya Ankole," na mteja alifurahi kana kwamba ng'ombe alikuwa wake. Kumbukeni jambo hili.

Kuhusu kupiga mbali, mzee alikuwa na uwanja wake. Nyuma ya karakana tulikuwa na hatua ishirini na tano tu, hadi ukuta wa udongo. Pale bunduki nzuri inaweka vidonge vitano ndani ya kifuniko cha chupa ya soda. Wateja walilipa na kuondoka wakiimba. Lakini bunduki alizozipenda alizipeleka kwa ndugu yake huko Kakiika, nje ya mji, nyuma ya migomba, akapima hatua hamsini, kisha themanini. Kifuniko cha soda kikawa sahani, na sahani ikawa sinia. Kasoro ndogo ya sketi, pumzi yako, upepo kidogo usiotikisa hata jani la mgomba, yote yalijitokeza kwenye karatasi. Nilisononeka mara ya kwanza, nikadhani nimeharibu bunduki.

"Hapa karibu kila mutu ni fundi," alisema mzee. "Kule mbali, bunduki nasema ukweli."

Alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia kwa kila mlinzi wa mazao aliyekuja kuchukua bunduki: usimpige mnyama mahali ambapo huwezi kummaliza kwa kidonge kimoja. Kwa springi zetu hiyo ilikuwa hatua thelathini kwa panya au kunguru, na kwa mnyama mkubwa kuliko hao, haipo kabisa. "Kama hapana weza kufa mara moja, wacha aende na njaa yake," alisema. Mtu aliyekaa jeshini miaka ile yote, nilitegemea aseme kingine. Nilimpenda kwa sheria hiyo kabla sijampenda kwa jambo lolote.

Basi miaka ikapita, nikawa fundi, na hapo ndipo nilipoharibika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa na wenye mashamba wa Kakiika mpaka nikaanza kujibu wateja kabla hawajamaliza kuuliza. Nilikuwa na jibu moja nililolipenda: "Bunduki haina kosa. Kosa liko begani." Mlinisikia nikilisema hata miaka ya karibuni, ila siku hizi nalisema kwa mzaha. Wakati ule nililiamini.

Mlinzi wa mazao aliyepangiwa upande wa Juru alikuwa Muhwezi, kijana wa wafugaji wa Endiinzi, mpole, mwenye miguu mirefu na aibu nyingi. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza tumbili waliokuwa wakila mahindi na maharagwe ya wakimbizi kwenye mteremko wote ule. Mwezi wa kwanza alifanya vizuri. Kisha akaanza kurudi karakanani.

"Madamu, hii bunduki inanikataa," aliniambia mara ya kwanza. "Leo napiga juu, kesho napiga chini. Tumbili sasa banaketi tu, bananiangalia."

Niliifungua, nikaosha silinda kwa mafuta ya taa kama tunavyoosha kila bunduki inayoingia, nikaifunga na kuipiga uani. Vidonge vitano, kifuniko cha soda. Nikamwonyesha karatasi na nikamwambia lile neno la bega. Akaondoka ameinamisha kichwa. Baada ya wiki moja alirudi. Niliosha, nikapiga, kifuniko cha soda. Ndani niliona grisi ya rangi ya manjano, nikasema moyoni vijana hawa wananunua grisi mbovu sokoni, nikaifuta. Mara ya pili ile Mzee Katungi aliinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Wewe mama, enda kule," alisema. "Hii bunduki hapana naugua hapa. Naugua kule."

Sikwenda. Niliona ni kujishusha, fundi mzima kusafiri kwenda kumshika mkono mlinzi asiyejua kulenga. Muhwezi akaja mara ya tatu, na siku hiyo hiyo akaja pia mama mmoja mwuza vitenge wa Juru, jirani yetu, aliyebeba ujumbe. Mama yangu anasema mvua ya msimu uliopita ilikuwa haba, kwa hiyo safari hii amepanda mbegu zote, hakubakiza hata moja. Maganda yamejaa. Tumbili wamekwisha maliza mistari mitatu kati ya saba. Na yule kijana wa bunduki, watu wanasema ameajiriwa na tumbili.

Nilikaa kwenye benchi nikiwa na bunduki ya Muhwezi magotini. Mara mbili nilikuwa nimemrudisha kwa dharau, kumbe shamba alilokuwa akilinda lilikuwa letu. Sikulala vizuri, na asubuhi nilimwomba mzee ruhusa. Aliniambia alikuwa ameshaitoa wiki iliyopita.

Sheria mnaijua. Kibali cha bunduki kilikuwa cha Muhwezi. Mimi mkimbizi niliruhusiwa kupiga ndani ya ua wa karakana, chini ya jina la mzee; nje ya lango hata kuibeba sikuruhusiwa. Kwa hiyo nilipofika Juru na kopo langu dogo lenye vidonge saba nilivyovichagua kwenye kioo, Muhwezi alitangulia na bunduki na mimi nikamfuata na mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

Mama alikuwa amekaa pembeni ya maharagwe yake na fimbo. Alikuwa amekonda. Hakunisalimu kwanza.

"Espe, ona," alisema, akinyoosha fimbo. "Ule pale njo Direkteri yabo."

Ng'ambo ya kibonde, juu ya kichuguu, alikaa huyo mkurugenzi wao, tumbili dume mzee mwenye mkia uliokatika. Nilipima kwa macho, na baadaye kwa miguu: hatua sitini na nne kutoka mahali mlinzi alipoweza kukaa. Kundi lake lilikuwa kwenye miti nyuma yake likisubiri amri. Mama alisema kila siku anakaa pale, anaangalia bunduki inapiga, anajikuna, na mlinzi akienda kula anawashusha wenzake.

"Piga nione," nilimwambia Muhwezi. "Piga ule mti mkavu, si yeye."

Alipiga, kwa kidonge chake mwenyewe. Sikuamini masikio yangu. Bunduki ya springi inatoa sauti ya mlango wa kabati. Ile ililia kama bunduki ya polisi. Moshi wa buluu ukatoka mtutuni, na kidonge sijui kilikwenda wapi, ila mti haukuguswa. Direkteri alijikuna. Ndipo upepo ulipouleta ule moshi puani mwangu, na nikajua. Harufu ilikuwa ya jikoni kwa Wanyankore siku ya sherehe. Ilikuwa samli.

"Muhwezi," nilisema, "umeweka nini humu ndani?"

Aliangalia viatu vyake. "Madamu, wewe ulisema ndani iko ngozi. Kwetu kila kitu ya ngozi tunapaka samli, inakaa laini. Mama yangu ananipatia ya kutosha. Kila asubuhi naweka kijiko."

"Kijiko kizima?"

"Na Jumapili viwili."

Mama yangu alikuwa amesikia. Alimwangalia yule kijana, akaiangalia bunduki.

"Hii bunduki inakula muzuri kunipita mie," alisema.

Niwaeleze, maana hapa ndipo penye kazi. Pistoni inapokimbia, hewa iliyobanwa mbele yake inapata moto mkali kwa kufumba na kufumbua. Pakiwa na mafuta mengi, yanaungua, na badala ya upepo unapata mlipuko mdogo. Mlipuko wa kwanza mkubwa, wa pili mdogo, wa tatu haupo. Kila kidonge kinatoka na mwendo wake, na kule mbali kila mwendo una mahali pake pa kuangukia. Muhwezi alisikia ule mlio akadhani bunduki imepata nguvu. Na mimi kila alipoileta karakanani niliiosha kwa mafuta ya taa, ambayo yanafunika kila harufu duniani, nikaipiga ikiwa safi, nikampa karatasi ya ushahidi dhidi ya bega lake. Alirudi nyumbani, na asubuhi akailisha.

Halafu akatoa mfukoni kitu kingine. Kwa kuwa hakuweza kufika kichuguuni kwa vidonge, alikuwa ameyeyusha risasi ya betri kuukuu ya gari na kumimina vipisi: vizito, vigumu, virefu, bila kiuno na bila sketi. Alidhani kizito kinakwenda mbali, kama jiwe linavyokwenda mbali kuliko unyoya. Hakuwa mjinga. Kipisi kizuri kweli hakisumbuliwi na upepo kama kidonge, lakini kinataka bunduki yenye pumzi nyingi na mtutu unaokizungusha sawasawa, kwa sababu hakina sketi ya kukinyoosha. Springi ile haikuwa na pumzi hiyo. Kipisi kilitoka kimechoka, kikapinduka njiani na kuanguka dhiraa nzima chini. Hivyo alikuwa anatibu ugonjwa kwa ugonjwa.

Sikumgombeza. Ningeanzia wapi? Tulitandika mkeka. Mama alileta kibatari, nikamimina mafuta yake ya taa kwenye kikombe, nikachana kipande cha kitenge changu. Muhwezi alishika, mimi nikaelekeza. Kwa ukweli mkono wangu uliingia mara kadhaa, na aliyeona hakusema. Tulitoa samli ya kutosha kukaanga kuku. Tulipomaliza, bunduki ilihitaji kutulia, akapiga vidonge vinne kwenye mti mkavu. Cha nne kilibandua gome. Vikabaki vitatu.

"Sasa namupiga yeye?" aliuliza Muhwezi.

"Hatua sitini na nne," nilisema. "Utamuumiza tu. Sheria ya mzee unaijua."

"Musimuue," alisema mama. "Ule naye iko na batoto. Mumwambie tu asikule mbegu."

Tulifikiri. Mama ndiye aliyekwenda jikoni akarudi na mfuniko wa sufuria kubwa, ile iliyotoboka zamani. Kundi lilikuwa limeingia ndani ya miti kwa joto la mchana, basi Muhwezi akavuka kibonde, akausimika mfuniko juu ya kichuguu, nyuma kidogo ya kiti cha Direkteri. Nilifunga utepe wa kitenge kwenye kijiti katikati ya njia ili tuone upepo wa ziwa la pale karibu, maana mchana huo unavuka kibonde kutoka kushoto. Kisha tukalala kifudifudi na kungoja. Mama alikaa nyuma yetu. Nilisikia akisali kwa sauti ndogo, na nilielewa kwamba kwake yeye hatukuwa tunamlenga tumbili. Alikuwa anamwangalia bibi yake, na shamba la Kivu ambalo hatutaliona tena, likiwa limebaki mistari minne.

Direkteri alirudi, akapanda, akakaa. Aliugusa mfuniko kwa kidole, akaona hauliwi.

"Shubiri mbili juu ya mfuniko," nilinong'ona. "Nusu shubiri kushoto. Usivute. Bana tu."

Kidonge cha kwanza kilirusha vumbi chini ya kichuguu, upande wa kulia. Direkteri alitazama chini kwa dharau. Utepe ulikuwa umeinuka wakati Muhwezi anabana. Nilikuwa nimeona na nikanyamaza. Cha pili nilimwambia angoje. Tulingoja hadi shingo yangu ikauma. Utepe ukalala, nikasema sasa.

Inachukua muda kidonge kufika hatua sitini na nne, muda wa kutosha kujuta. Kisha mfuniko ukalia *kwang*, mlio wa kengele ya kanisa iliyopasuka, shubiri moja kutoka kisogo cha mheshimiwa. Aliruka juu wima, akatua pembeni, akakosa kichuguu na kubiringika hadi kwenye nyasi. Miti yote nyuma ikatikisika. Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu tuvuke mpaka, na nililia palepale kifudifudi, nikisingizia vumbi.

Kidonge cha tatu tulikihifadhi. Muhwezi alibaki Juru wiki mbili na kopo nililompelekea, na kila Direkteri alipopanda, mfuniko ulilia. Mwishowe kundi lilihamia upande wa pili wa kilima, kwa watu wasio na mfuniko, nao wakaja kuuomba. Mama alivuna madebe mawili kutoka ile mistari minne. Alitenga mbegu kwanza. Kisha akachukua viganja viwili vilivyojaa, akavifunga kwenye kitambaa na kumpa Muhwezi.

Hapo nilikasirika. Niliongea kwa lugha ya nyumbani ili kijana asielewe, nikamwambia mama kwamba mtu huyu ndiye aliyetupotezea mistari mitatu kwa vijiko vya samli, na kwamba kwao wanakunywa maziwa, hawajui hata jembe linashikwa upande gani. Maharagwe yale yataliwa na ng'ombe. Mama alinijibu kwa Kiswahili, makusudi, ili kijana asikie.

"Njo ye alichunga," alisema. "Muntu akichunga kitu, unamupatia kidogo."

Miaka iliyofuata mnaifahamu wengine wenu. Macho ya mzee yalififia, akawa anakaa mlangoni na kusikiliza tu. Nilipiga uani naye akasema kutoka kwenye kiti, "Springi imepinda," au "Ngozi imekauka," na hakukosea hata siku moja. Kisha zikaja bunduki za kujazwa hewa kwa pampu ndefu ya mkono, zenye geji, zenye pumzi. Ndani yake vipisi vilipata haki yao. Kule Kakiika, hatua themanini, niliona vipisi vitano ndani ya sahani ya chai siku ambayo upepo ulitawanya vidonge kwenye sinia zima. Nilimpigia simu Muhwezi, wakati huo mkubwa wa walinzi, nikamwambia wazo lake la betri halikuwa baya, lilitangulia tu bunduki yake. Alifurahi siku nzima. Hata hivyo jifunzeni: si kila mtutu unapenda kipisi, na si kila kipisi kinapenda mtutu. Jaribuni vyote, mbali, kabla hamjamwambia mteja neno.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua haikuja kabisa. Mama alikuwa mgonjwa, na nyumbani Juru kulikuwa na wajukuu wa dada yake aliowapokea, wanne. Nilikuwa nikituma chakula, lakini kuna wiki moja nilichelewa. Nilipofika nilikuta chungu kimeoshwa na kugeuzwa juani, na mama hakunitazama.

"Tulikula mbegu," alisema.

Nilimwambia si kitu. Ilikuwa kitu, naye alijua kwamba najua. Alifariki mwaka uliofuata, na tangu siku ile ya chungu hakutaja tena maharagwe yale, wala mimi. Ila ndipo nilipozidi kunusa bunduki zenu. Nilinusa kutafuta kosa, ni kweli. Lakini mara mojamoja, bunduki ikitoka kwa wafugaji, niliipata ile harufu, nikamsikia mama akicheka nyuma yangu kwenye nyasi. Hilo sikuwaambia, mngefikiri nimezeeka.

Sasa siku yenu ya kuniaga. Mlileta soda, mkasema hotuba, yule mwigaji akaniiga mara ya mwisho. Mliona Muhwezi amechelewa, ameingia na kikapu, akaniita pembeni. Mlidhani ameniletea maziwa. Alifunua bakuli, na mimi nikafanya nilichokuwa nikifanya kwa miaka yote, nikaweka pua. Ilikuwa samli, imeyeyuka juu ya maharagwe ya moto. Nikatazama. Makubwa, rangi ya maini, na kidoa cheupe kuzunguka jicho.

"Mama yangu anapanda hii kila mwaka," alisema Muhwezi. "Karibu na zizi. Anasema ukipewa kitu, unachunga." Kisha akaona uso wangu na akaogopa. "Madamu, samli naweka juu tu. Ndani ya bunduki hapana tena."

Mlipouliza kwa nini fundi analia juu ya maharagwe, nilisema ni pilipili. Hayakuwa na pilipili.

Kwenye kikapu kulikuwa pia na kitambaa kilichofungwa, viganja viwili vilivyojaa. Nimepanda mistari saba Juru, kwenye shamba la mama. Mfuniko bado uko kichuguuni, umebonyea kila mahali, na juzi tumbili mmoja mwenye mkia mzima alikaa pale akiangalia majani yanavyochipua. Muhwezi ameahidi kuja na bunduki. Nimemwambia aje kwanza na mama yake. Hatujaonana bado, na nataka kumwambia mwenyewe, uso kwa uso, kwamba siku moja nilisema ng'ombe wake watayala.